Mstari na Uongozi: Kufundisha Uraia kwa Vitendo katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika shule zetu nyingi za msingi, siku ya mtoto huanza mstarini. Kengele hulia, watoto hujipanga kwa madarasa, kiranja hutoa amri, Wimbo wa Taifa huimbwa, kisha mwalimu wa zamu hukagua usafi na kutoa matangazo. Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mstari huo ndio jambo la kwanza analokabidhiwa, na aghalabu ndio jambo la kwanza analosifiwa akiweza kuunyoosha.

Hapana shaka kwamba gwaride lina faida. Humfundisha mtoto kusikiliza, kwenda sawa na wenzake, kuutunza mwili wake na kuvumilia. Lakini mara nyingi tumesikia walimu wakisema kwamba gwaride hufundisha pia uongozi na uraia mwema. Je, usemi huo ni wa kweli? Katika makala haya tutatazama tukio moja tulilolishuhudia katika kata ya Majengo, mjini Songea. Tutapitia historia ya mafunzo ya namna hii katika nchi yetu. Kisha tutatoa mfano wa somo na kazi ambazo mwanachuo anaweza kuzitumia katika Darasa la Tano.

Tukio la Majengo

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, tulikuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika shule moja ya msingi ya Majengo. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, ambayo hufanyika mjini Songea kila mwaka. Kilele chake ni tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60. Mwanachuo mmoja, kijana hodari mwenye sauti kubwa, alikuwa amepewa kazi ya kuwafundisha watoto gwaride.

Asubuhi hiyo gwaride lilipendeza. Amri ya "mguu sawa" ilipotolewa, visigino viligonga kwa pamoja. Tuliandika katika daftari letu la ukaguzi: "Nidhamu: nzuri sana." Kisha mwanachuo aliitwa ofisini. Aliwaacha watoto wakiwa wamesimama mguu sawa, akamwambia kiranja mkuu awaangalie mpaka atakaporudi.

Mvua ikaanza. Wenyeji wa Songea wanajua mvua ya Februari isivyobisha hodi. Watoto hawakutoka mstarini. Kiranja mkuu alitazama mlango wa ofisi, akatazama mawingu, akabaki pale pale. Mbele, katika safu ya wadogo, mtoto mmoja wa Darasa la Kwanza alianza kutetemeka na kulia. Ndipo binti mmoja wa Darasa la Tano alipotoka katika safu yake, akamshika mkono yule mdogo, akampeleka chini ya baraza la darasa, kisha akarudi kumchukua mwingine.

Mwanachuo alitoka ofisini wakati huo huo. Aliwaruhusu watoto wote wakimbilie barazani, lakini yule binti alimpigisha magoti kwa kosa la kuvunja mstari bila ruhusa. Baadaye tulimwuliza kiranja mkuu kwa nini hakuwatoa wenzake mvuani. Alijibu kwa heshima, "Mwalimu hakusema."

Tulirudi chuoni tukilitazama lile daftari letu. Mwanachuo alikuwa amekosea, lakini sisi tuliomkagua tulikosea kabla yake, kwa maana ndisi tuliomfundisha kwamba mstari usiotikisika ndio nidhamu. Pale uwanjani alikuwapo mtoto mmoja tu aliyeonyesha uongozi, na ndiye aliyeadhibiwa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: mafunzo ya ukakamavu yanapaswa kuwaje ili mtoto kama yule asipige magoti tena?

Historia inatufundisha nini?

Jambo la kuwakusanya vijana, kuwapanga katika vikosi na kuwalea kwa amri si geni Songea. Wangoni walioingia katika nchi hii karne ya kumi na tisa waliwapanga vijana katika vikosi vya rika chini ya viongozi walioitwa manduna. Mji wenyewe wa Songea umepewa jina la nduna mmoja, Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Inafaa tukumbuke kwamba nduna hakuwa mtoa amri tu. Alikuwa mshauri wa mtawala, na alibeba dhamana ya watu waliokuwa chini yake.

Baada ya Uhuru, tarehe 10 Julai 1963, liliundwa Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT. Shabaha yake ilikuwa kuwakutanisha vijana wa makabila, dini na hali mbalimbali, wafanye kazi za mikono pamoja, wajifunze ulinzi, na waione nchi kuwa moja. Mkoa wetu wa Ruvuma unalo kambi la JKT la Mlale, ambalo wazee wengi wa Songea wanaweza kulisimulia.

Miezi michache baadaye taifa lilipata somo kali. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, waliasi. Askari wale walijua gwaride kuliko raia yeyote nchini. Walikuwa na madai yao, yakiwamo mishahara na kuongozwa na maofisa wa Kiingereza. Hata hivyo walitumia silaha walizokabidhiwa na taifa kulitisha taifa lenyewe. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kutokana na tukio hilo tunaona wazi kwamba kujua kutii amri za uwanjani hakumfanyi mtu kuwa raia mwema.

Somo la pili lilikuja mwaka 1966. Serikali ilikusudia kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine walitumikie taifa kwa muda wa karibu miaka miwili, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo wapate asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuoni. Walikuwa karibu 400, na wengi wao waliruhusiwa kurejea masomoni baadaye. Lakini Mwalimu hakuishia hapo. Wanafunzi walikuwa wamesema kwamba wakubwa wanawataka wajinyime huku wao wenyewe wakistarehe kwa mishahara minono. Mwalimu alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20.

Wanachuo wanaweza kubishana sana juu ya haki ya pande zote mbili, na ni vema wabishane. Kwa makala haya yatosha kuona jambo moja: aliyeamuru wengine wajinyime alilazimika kujinyima yeye kwanza, na aliyemlazimisha kuliona hilo ni kijana aliyethubutu kuuliza. Taifa lilihitaji vyote viwili, utumishi wa vijana na swali la vijana.

Mafunzo ya JKT ya lazima kwa wahitimu yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza Kidato cha Sita. Huko Zanzibar, Jeshi la Kujenga Uchumi lilianzishwa mwaka 1977 kwa shabaha inayofanana. Nchi nyingine nazo zina njia zao. Huko Marekani, kwa mfano, upo mpango wa makadeti katika shule za sekondari, ujulikanao kwa kifupi JROTC, ulioanza kwa sheria ya mwaka 1916 na ambao sasa uko katika shule zaidi ya 3,000. Sheria inasema kwamba shabaha yake ni kupandikiza uraia mwema, moyo wa utumishi na tabia ya kuwajibika. Wakufunzi wake wengi ni wanajeshi wastaafu. Wanafunzi hupewa vyeo, nao huwaongoza wenzao katika gwaride, katika kazi za kujitolea na katika masomo. Mpango huo una watetezi na wapinzani. Mwaka 2022 magazeti ya huko yalieleza kwamba katika baadhi ya shule wanafunzi walikuwa wakiandikishwa bila kuulizwa, na wazazi wakalalamika. Swali lao linafanana na letu: je, uraia unaweza kufundishwa kwa mtu asiyeruhusiwa kusema lolote?

Kwa upande mwingine, chama cha Skauti kilianza na wazo dogo lenye nguvu. Mwaka 1907, katika kambi yake ya kwanza ya majaribio huko Uingereza, Robert Baden-Powell aliwagawa wavulana katika vikundi vidogo vinne, kila kikundi na kiongozi wake ambaye naye alikuwa mtoto. Kila kiongozi alikabidhiwa dhamana ya kweli juu ya wenzake wachache.

Misingi minne

Kutokana na historia hiyo, na kutokana na tukio la Majengo, tunapendekeza misingi minne ambayo mwanachuo ashike anapofundisha uongozi kwa njia ya gwaride, skauti au kazi za shule.

1. Amri iende na sababu. Mtoto anayeambiwa "simameni mguu sawa" ajue ni kwa ajili ya nini na mpaka lini. Sababu ndiyo inayomwezesha kutambua wakati ambapo amri imekwisha kazi yake. Kiranja mkuu wa Majengo alipewa amri bila sababu, na kwa hiyo hakuwa na kipimo cha kuamua mvua ilipokuja.

2. Uongozi uwe wa zamu. Katika shule nyingi watoto wachache huwa viranja mwaka mzima, na mamia waliobaki hujifunza kuongozwa tu. Tena viranja hao mara nyingi huchaguliwa kwa sauti kubwa na umbo kubwa. Mtoto mkimya anaweza kuwa na jicho linaloona anayetetemeka.

3. Kiongozi aonje anachoamuru. Mwalimu anayewasimamisha watoto juani asimame nao juani. Anayeamuru mchakamchaka akimbie, walau mzunguko mmoja. Mwanachuo wetu asingesahau mvua kama ingekuwa inamnyeshea.

4. Pawe na ruhusa ya kuvunja mstari. Watoto wote waambiwe waziwazi, tena mara kwa mara, kwamba mwenzao akianguka, akiugua au akiwa hatarini, yeyote anaweza kutoka mstarini kumsaidia, kisha akatoa taarifa. Jambo hili halibomoi nidhamu. Linaipa nidhamu shabaha yake, yaani usalama na heshima ya kila mmoja.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la Tano. Watoto: 48. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Mada: Amri njema na kiongozi mwema.

Shabaha: Mwisho wa somo kila mtoto aweze (a) kutoa amri pamoja na sababu yake, (b) kueleza tofauti kati ya kutii kwa hofu na kutii kwa kuelewa, (c) kutaja mambo mawili yanayoweza kumfanya mtu avunje mstari kwa haki.

Zana: uwanja, kamba au chokaa ya kuchora mistari, ndoo nne za maji, vikombe, kadi za karatasi.

Hatua ya kwanza: Utangulizi (dakika 10). Mwalimu awapeleke watoto uwanjani na kuwafanyisha gwaride fupi: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, mbele tembea. Kisha aulize: "Nani aweza kuniambia kwa nini tumegeuka kulia?" Watoto wengi watajibu, "Kwa sababu umesema." Mwalimu asiwacheke. Aliandike jibu hilo ubaoni watakaporudi darasani, kwa kuwa somo zima litajengwa juu yake.

Hatua ya pili: Maarifa mapya (dakika 30). Watoto wagawanywe katika vikundi vinane vya watoto sita sita. Kila kikundi kipewe kadi yenye kazi moja: kuhamisha maji kutoka ndoo moja hadi nyingine bila kumwaga, kuwavusha "watoto wa Darasa la Kwanza" katika barabara iliyochorwa kwa chokaa, kumhudumia "mgonjwa", au kupanga madawati kwa ajili ya wageni. Kila kazi ipewe vikundi viwili. Katika kikundi cha kwanza kiongozi atoe amri tu, wala asiulizwe neno. Katika kikundi cha pili kiongozi aeleze sababu, na wenzake waruhusiwe kuuliza swali moja kabla ya kuanza. Baadaye vikundi vibadilishane namna, ili watoto wote wazionje zote mbili.

Hatua ya tatu: Majadiliano (dakika 25). Mwalimu aongoze kwa maswali: Ni namna ipi iliyokwenda haraka? Ni namna ipi iliyomwaga maji kidogo? Ulijisikiaje ulipokatazwa kuuliza? Uko wakati ambapo hakuna nafasi ya kuuliza? Hapa mwalimu awe mkweli. Moto ukiwaka, au gari likija kwa kasi, amri hutangulia na sababu hufuata. Watoto waelewe kwamba twatii upesi wakati wa hatari kwa sababu tumejenga imani wakati wa amani.

Hatua ya nne: Matumizi na hitimisho (dakika 15). Mwalimu asimulie kisa cha mvua bila kutaja shule wala majina, kisha aulize: "Ungekuwa kiranja mkuu, ungefanyaje? Ungekuwa mwalimu, ungemwambia nini yule binti?" Watoto waandike sentensi tatu katika madaftari yao.

Kazi ya mwezi mmoja

Somo moja halitoshi. Yafuate majuma manne ya vitendo. Vile vikundi vinane viendelee, na kila juma kiongozi abadilike. Kila kikundi kipewe dhamana ya kweli ya shule: maji ya kunawa mikono, bustani, mahudhurio ya wenzao wagonjwa, usalama wa wadogo wanapovuka barabara, usafi wa darasa, kengele, vitabu vya kusoma, na miche ya miti. Kuhusu miche, watoto wa Songea waelezwe kwamba Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, ambayo wanaiona kutoka mjini. Anayetunza mti analinda maji ya watu asiowajua, mpaka baharini.

Kila Ijumaa kiongozi wa kikundi atoe taarifa mbele ya darasa kwa kujibu maswali manne: Niliagiza nini? Kwa sababu gani? Wenzangu waliniuliza nini? Nilikosea wapi? Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo halitajibiwa kwa kweli mpaka mwalimu mwenyewe alijibu kwanza kuhusu juma lake.

Katika juma la tatu inafaa kumwalika mzee au mama wa mtaani aliyepitia JKT. Asimulie aliamka saa ngapi, alilima nini, alilala na watu wa makabila gani, na ni amri ipi aliyoielewa baadaye tu. Watoto waandae maswali kabla ya siku hiyo. Ikiwezekana watembelee pia Makumbusho ya Majimaji yaliyoko mjini Songea, wakiwa na swali moja la kutafutia jibu: kiongozi hufanya nini watu wake wanapokuwa hatarini?

Mambo ya kuepuka

Kwanza, tusiwafanye watoto wa shule ya msingi kuwa askari. JKT ni mafunzo ya vijana waliokwisha kukua. Bunduki za miti, matusi ya makuruta na adhabu za kambini havina nafasi katika uwanja wa shule. Ukakamavu wa mtoto ni afya, uvumilivu na moyo wa kusaidia.

Pili, tusitumie gwaride kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa akisimamishwa mguu sawa saa nzima, atajifunza kwamba utaratibu ni mateso.

Tatu, tusiwasahau watoto wenye ulemavu au wagonjwa. Asiyeweza kutembea kwa hatua anaweza kutunza muda, kutoa amri, au kuandika taarifa ya kikundi.

Nne, tusidhani kwamba swali la mtoto ni utovu wa adabu. Mtoto anaweza kuuliza kwa heshima, na kazi yetu ni kumwonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Akisema, "Samahani Mwalimu, wadogo wanalowa," huyo amekuamkia na amekuongoza kwa sentensi moja.

Hitimisho

Wengine watasema kwamba darasa la watoto wengi haliwezi kuongozwa kwa sababu na maswali, na kwamba bila mkono mzito mstari utavunjika. Tunayajua madarasa yenye watoto zaidi ya mia, tumeyafundisha. Hata hivyo ni katika wingi huo hasa ambapo mwalimu mmoja hawezi kumwona kila anayetetemeka. Anahitaji macho ya watoto wote, na hawezi kuyapata ikiwa amewafundisha kutazama mbele tu.

Juma lililofuata tulirudi Majengo pamoja na yule mwanachuo. Mbele ya shule nzima alieleza kwamba alikosea kumpigisha magoti mtoto aliyewasaidia wadogo, na akamwomba yule binti radhi. Watoto walikaa kimya. Hawakuwa wamezoea kusikia mwalimu akisema hivyo. Kisha mwanachuo alimwomba kiranja mkuu atoe amri ya kuingia madarasani, naye kiranja akafanya jambo ambalo hatukumwagiza: alianza kuwaruhusu Darasa la Kwanza, kwa sababu, alisema, jua lilikuwa limeanza kuwa kali.

Maswali ya kujadili

1. Toa mifano mitatu ya amri zinazotolewa mstarini katika shule uliyofanyia mazoezi. Eleza sababu ya kila moja. Ipo isiyo na sababu?

2. Jadili tukio la Oktoba 1966. Kikundi kimoja kitetee serikali na kingine kiwatetee wanafunzi. Kisha mbadilishane pande.

3. Ungekuwa mkaguzi siku ile ya mvua, ungeandika nini katika daftari lako?

4. Andaa ratiba ya majuma manne ya uongozi wa zamu kwa darasa lenye watoto 90 na mwalimu mmoja.